Shuka Nyeupe ya Mama

Nilirusha ndege za kivita miaka mingi, nikapanda cheo mpaka vijana wakawa wananipigia saluti hata nikiwa na kandambili. Watu huuliza ni adui gani alinimaliza. Adui gani! Nilimalizwa na shuka.

Kwetu ni upande wa Chepsaita, katikati ya mahindi. Nikipata zoezi la kupita juu ya Eldoret, nilishuka kidogo na kuinamisha bawa. Mama akisikia ngurumo kwa mbali alikimbia kutandaza shuka nyeupe kwenye nyasi mbele ya nyumba. Ilikuwa salamu yetu, basi. Majirani walimtania, "Mama, leo kijana amekuja kunywa mursik?" Naye alijibu kwamba maziwa yapo kwenye kibuyu, ashuke tu.

Kisha vijana wa jeshi letu la anga wakajaribu kupindua serikali. Mimi nilikuwa likizo nyumbani, narekebisha zizi. Nilichukuliwa hapohapo na gumboots zangu. Nikajiambia, sina lolote, nitaeleza. Wapi! Siku hizo nani alisikilizwa? Tena kuna jirani alikuwa amekwisha kunong'ona habari za shuka, na maafisa wawili wakaenda kumwuliza mama ilikuwa ya nini.

Mama alifurahi kuulizwa. Maskini, miaka yote aliamini shuka ndiyo iliyoniita. Akawaambia, "Nikiitandaza tu, ndege inakuja."

Nilisomewa maneno hayo kizuizini. Rubani anayeitwa kwa ishara kutoka chini, na uasi ndio huo umetokea! Mungu alisaidia sikuozea ndani, lakini nilivuliwa cheo na mabawa ya kifuani, nikarudishwa shambani. Uchungu huo haujaniisha mpaka leo.

Mama alinipokea kwa mursik, kama mtu aliyetoka kushinda. Mimi sikumwambia maneno yake yalinifanya nini. Akaambiwa na wengine, maana watu hawana haya. Tangu hapo hakuanika kitu cheupe nje. Shuka zetu zilikaukia jikoni, tukawa tunalala tukinuka moshi.

Siku moja ndege ikapita. Niliijua kwa sauti kabla ya kuiona. Mke wangu alikuwa ameanika nepi za mtoto. Mama, na yale magoti yake mabovu, alitoka mbio akizivuta kwenye kamba, akinipigia kelele, "Ingia ndani! Wasikuone!"

Nikamshika mkono. "Mama, waache wapite," nikamwambia. "Hawana haja na mimi tena."