Shangazi wa Chuma

Baba mkwe wangu hasemi, ananguruma. Akiomba chumvi mezani, jirani wa nyumba ya pili naye anajua chumvi yetu iko mbali. Si hasira. Masikio yake aliyaacha kwenye kikosi cha mizinga, alikoingia akiwa kijana asiye na ndevu, akatoka koplo mwenye kipara.

Ana tabia nyingine. Mlango ukibamizwa au mfuniko wa sufuria ukianguka, yeye huachama kama kifaranga. Nilipoolewa nilidhani anaumwa. Kumbe ndivyo wapiga mizinga wanavyofundishwa: mshindo ukija, fungua mdomo, masikio yasipasuke. Mwanangu, ambaye alikuwa bado hajatamka hata neno moja, akaiga. Mlango ukilia paa, babu na mjukuu wanaachama, wanatazamana.

Mzinga wake waliuita Shangazi, kwa sababu akisema yeye, ukoo mzima unanyamaza. Alifika kikosini mtumba, na kitabu cha maelezo cha lugha ambayo hakuna aliyeijua.

"Tukamfungua wote, kipande kwa kipande," mzee hunisimulia nikimenya viazi. "Tulipomfunga ikabaki skrubu moja. Mpaka leo hatujui ilikuwa ya wapi!"

Hucheka mpaka machozi. Walipovuka mto kwenda mpakani, chelezo cha magogo kilichombeba kilizama, Shangazi akakaa kwenye tope hadi shingoni, wakashinda kutwa wakimvuta kwa kamba. Habari za wenzake wawili waliobaki huko mpakani huzisema kwa sauti ya chini, yaani sauti ya kawaida ya watu wengine.

Juzi kikosi kikamwita. Shangazi angepigwa mara ya mwisho, kisha mdomo wake uzibwe kwa saruji awe pambo la getini. Mzee awasimulie askari wapya historia ya kikosi, halafu yeye mwenyewe avute kamba ya kufyatulia.

"Daktari alisemaje?" mama mkwe akauliza, mikono kiunoni.

Sote tulijua. Sikio la kushoto limekwisha, la kulia linaning'inia kwa uzi. Mshindo mmoja tu, nalo litakwenda.

"Mara moja tu, mama watoto!"

"Nenda. Huyo mke mwenzangu wa chuma hujawahi kumkatalia kitu. Ila mtoto akianza kusema, usije kuniuliza mimi kasema nini."

Mzee akakoroga chai yake muda mrefu, na sukari ilikuwa imeshayeyuka.

Siku ilipofika akapiga pasi suruali mwenyewe. Uwanjani alisimulia bila kipaza sauti, nani angempa? Kwenye skrubu askari wakaangua kicheko, kwenye mto wakatulia. Kisha kapteni akamkabidhi kamba.

Aliishika. Akampapasa Shangazi kama mtu anayempapasa ng'ombe wake mnadani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa stoo ya kikosi na mtoto mgongoni, nachungulia. Mara nikamwona anairudisha ile kamba.

"Vuta wewe, mwanangu. Mimi nina mtu pale."

Akaja mbiombio, akamtoa mtoto mgongoni kwangu, akambana kifuani na kumziba masikio kwa viganja.

"Baba, na yako?"

"Mikono ninayo miwili tu, mkwe!"

Basi mimi, ambaye hata kofia yake sijawahi kuigusa, nikakunja khanga mara nyingi nyingi, nikambana nayo kichwa kulia na kushoto.

"Midomo!" akaamuru.

Tukaachama wote watatu. Ardhi ikaruka, vumbi la paa la bati likatumwagikia, kunguru wakatimka. Nikaondoa mikono taratibu, naogopa kuuliza.

Mtoto ndiye aliyetangulia kufunga mdomo. Akautazama moshi ukipanda, akanyoosha kidole.

"Tena!"

Nikavuta pumzi nimwambie mzee kwa kelele alichosema mtoto, kama tulivyozoea. Hakunisubiri.

"Hakuna tena, mjukuu wangu," akamjibu. "Shangazi amemaliza."