Neno Lililombakia Mtani Wangu

Mie ni Mhehe, na marehemu alikuwa Mngoni. Mtanzania akisikia hivyo tu anajua sie watani, anajua tulivyokuwa tunaishi. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona matusi yanatosha, na sie wajukuu tukarithi matusi. Yeye aliniita mla mbwa. Mie nilimwita mla panya. Mbwa sijawahi kumla. Panya sijui kama yeye aliwahi, sikumuuliza, maana ukimuuliza mtani swali la kweli umeharibu utani.

Tulikutana Manzese wote tukiwa hatuna kitu. Shule niliishia darasa la nne, nikaja mjini na mikono yangu miwili. Leo ukitoka Barabara ya Morogoro ukaingia ndani kidogo utaikuta karakana yangu ya kuchomelea: mageti, milango ya chuma, grili za madirisha. Sikupewa na mtu. Yeye alikuwa seremala, banda lake limegusana na langu, katikati ukuta wa mabati. Vumbi lake la mbao lilikuwa linaingia kwangu, cheche zangu zinaruka kwake, na kila asubuhi tuligombana kwa ajili hiyo mpaka chai inapokuja. Kitanda ninacholalia alikitengeneza yeye. Grili za nyumba yake kule Chanika nilizichomelea mie. Hakuna aliyemsifu mwenzake hata siku moja.

Moyo wake ulikuwa na ugonjwa. Ulikuwa unapiga bila mpangilio, mara mbio, mara unakatakata kama injini iliyotiwa mafuta yenye maji. Hospitali wakamwambia moyo ukipiga hivyo damu inatuama ndani yake, ikituama inaganda, na kipande kikichomoka kinaweza kupanda kichwani. Wakampa vidonge vya kufanya damu iwe nyepesi, anywe kila jioni, na awe anarudi kliniki kupimwa damu. Wakamwambia pia mboga za majani asile leo nyingi kesho hamna, zinavuruga dawa. Yeye, kwa ubishi wake, akaacha kisamvu moja kwa moja, akawa anakitazama tu kwenye sahani za wenzake. Patasi ikimkwaruza kidole damu ilikuwa haikatiki upesi. Anakaa mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu, sie tunamcheka.

Siku moja mwenye duka la dawa akaniambia kile kidonge ni ukoo mmoja na sumu ya panya. Nusura nianguke kwa furaha. Niliacha geti la watu halijaisha nikamfuata mwenzangu bandani.

"Mtani! Mmekula panya mpaka wamewaishia, sasa mmeanza kunywa sumu yao!"

Akanitazama. Akakiweka kidonge mdomoni taratibu, akashushia na maji.

"Afadhali mie nakunywa sumu ya panya," akasema. "Wewe ukiugua utachomwa sindano ya kichaa cha mbwa."

Tangu hapo kidonge kikawa sehemu ya kufunga kazi. Jioni vijana wangu wa kazi wakianza kufagia, mie napiga bati: "Panya, sumu!" Naye anajibu kutoka upande wake, anaivuta ile sauti ya mwisho mpaka mtaa unasikia: "Nameza, mbwaaa!" Hakuruka hata jioni moja, maana angeruka ningemtangaza Manzese nzima. Kliniki walikuwa wanamsifu. Mkewe akawa anawaambia watu kwamba dawa ya mume wake inalindwa na mbwa kutoka Iringa.

Asubuhi ile tulikuwa tunakunywa chai upande wangu, tumekalia geti la mteja lililolazwa juu ya matofali. Mie nina mguu mbovu, chuma kiliniangukia nikiwa kijana, na maneno yangu mpaka leo yana Iringa ndani yake. Kazi ya mwenzangu ilikuwa kuniiga. Anaburuta mguu, anapinda mdomo, anasema "kamwene", salamu yetu, kama mtu aliyebanwa ulimi na mlango. Kwa hiyo nilipomuuliza lini atanimalizia kabati langu, akanijibu kwa ulimi mzito, mdomo umekwenda upande, hakuna aliyeshangaa. Vijana wakacheka. Mie nikacheka kuliko wote.

"Mwoneni! Leo kakutana na panya mwenye mifupa, mmoja umemkwama!"

Akajaribu kuinuka, mguu ukaburutika. Wakampigia makofi. Alikuwa mie mtupu. Akakaa tena, akasema neno lingine lisiloeleweka, na kijana mmoja akamwambia, "Mzee, leo umeua."

Ndipo kikombe kikapinduka. Chai ilikuwa bado inafuka mvuke, na yote ilimwagikia pajani. Hakushtuka. Hakukung'uta suruali. Alikuwa ananitazama mie tu. Mtu anaweza kuigiza mdomo, akaigiza na mguu. Chai ya moto haiigizwi.

Tulimpakia kwenye bajaji. Nilimshika kichwa, dereva anapenya kushoto na kulia, mabasi ya mwendokasi yanatupita kwenye njia yao. Njia nzima sikumtukana. Nilimwita kwa jina lake. Nadhani hapo ndipo alipoogopa, maana hakuwahi kulisikia kinywani mwangu.

Daktari aliyetupokea alikuwa binti, umri wa wajukuu zangu.

"Shikamoo baba. Wewe ni nani kwa mgonjwa?"

"Mtani wake."

Akainua uso. "Ndugu yake yupo?"

"Mkewe anakuja, anatoka Chanika. Niulize mie, najua zaidi yake."

Akauliza ilianza saa ngapi, nani alimwona mara ya mwisho akiwa mzima. Nikamweleza. Akasema tumewahi, kiharusi kikiwahiwa hivi kuna sindano ya kuyeyusha donge lililoziba mshipa, ila lazima kwanza wapige picha ya kichwa. Nikasikia mabega yangu yanashuka. Kisha akauliza, "Kuna dawa yoyote anatumia?"

Hapo nilijibu kwa kifua mbele, kama mtu anayetangaza mtoto wake kafaulu.

"Anatumia ya kufanya damu iwe nyepesi. Kila jioni. Jana kaimeza, mie nipo."

Binti akaacha kuandika. Akamwambia nesi achukue damu ipelekwe maabara haraka. Wakamwingiza kwenye picha, nikabaki kwenye benchi na kiatu chake kimoja mkononi. Sijui kilichomokaje.

Aliporudi alikaa kando yangu. Daktari akikaa, ujue.

"Baba, kichwani hajavuja damu. Ni donge. Na damu yake nimepata majibu, iko nyepesi vilevile tunavyotaka iwe. Dawa ameitumia vizuri sana."

"Haya, sasa mchome."

"Ndiyo maana siwezi kumchoma."

"Damu ikiwa nyepesi, donge limetoka wapi?"

"Dawa inapunguza hatari, baba. Haiimalizi. Bila hiyo pengine angeshapata siku nyingi."

"Mchome."

"Sindano ile juu ya damu nyepesi namna hii, anaweza kuvujia ndani ya ubongo. Tutampoteza hapahapa."

"Nimesema mchome! Mie ndiye niliyemleta!"

"Hapana, baba."

Hakupandisha sauti. Sijazoea kuambiwa hapana, na watoto wadogo ndiyo kabisa. Nilitaka nimwambie mie nimeajiri watu, nimejenga, nimesomesha. Lakini nilikuwa nimemwelewa. Bati lililolika likawa jembamba hulipigi moto wa chuma kinene, linatoboka palepale. Hilo sikufundishwa darasani, nimetoboa mengi mwenyewe.

Akasema ipo namna nyingine, mrija mwembamba unapitishwa ndani ya mshipa kutoka pajani mpaka kichwani kulivuta lile donge, lakini pale walipo hawakuwa na kifaa wala mtu wa kuifanya. Nikamuuliza kama kucheka kwetu ndiko kulikomponza. Akasema, "Hata mngekuja mnakimbia, majibu ya damu yangekuwa haya haya." Alidhani ananituliza.

Mkewe alifika kanga imemlegea, akanikuta nimekumbatia kiatu. Nilisema tu, "Shemeji, dawa alikuwa anakunywa." Akajibu, "Najua, shemeji. Si ulikuwa unamsimamia?"

Watu wameniuliza kama najuta. Sijuti. Angekuwa mvivu wa dawa tungemzika zamani, binti yule alisema, na mie namwamini. Ila karakana jioni ilinishinda. Vijana wakishika mafagio mdomo wangu unafunguka wenyewe, mkono unakwenda kwenye bati, na upande wa pili kimya, banda limefungwa kwa kufuli. Mwisho nikawa naondoka kabla hawajafagia.

Alitoka hospitali akarudi Chanika. Mkono wa kulia umekufa, mguu unaburutwa, na maneno hakuna. Anasikia, anaelewa, macho yake ni yaleyale, lakini akifungua mdomo panatoka pumzi. Nilikuwa naenda kila Jumapili. Nakaa kwenye kiti alichokiranda mwenyewe, namtukana. Namwambia kisamvu kimejaa shambani kwako, panya wananenepa, hakuna wa kuwala. Namwambia mdomo umekupinda kwa sababu ya kuniiga, Mungu kakupa ulichotaka. Anatikisika kidogo, kama anacheka. Halafu nanyamaza kumpa nafasi yake, na nafasi ile inapita tupu. Utani wa upande mmoja ni matusi tu. Nilijisikia kama mtu anayempiga aliyefungwa kamba. Njiani nikirudi naapa wiki ijayo nitaongea naye kama watu wazima, nikifika nashindwa. Sikuwa na lugha nyingine ya kuongea naye.

Jumapili moja nilipoinama mlangoni nikasema, "Bado hujafa, mla panya?" akainua kidevu, shingo ikakaza, mishipa ikasimama.

"Mbwaaa."

Niliruka na mguu wangu mbovu. Nilimwita shemeji kwa kelele, nikamkumbatia jamaa mpaka akakohoa. Amejibu! Siku ile nilikula kwao, nikacheka, nikawapigia simu vijana wa karakana nikawaambia mzee kaamka, fungueni banda, panguseni meza yake. Nilirudi Manzese nimevimba kifua.

Juma lililofuata shemeji alinisubiri uani, hakunipeleka ndani moja kwa moja.

"Shemeji, lile neno ndilo hilohilo."

"Neno gani?"

"Akitaka maji ni mbwa. Akitaka kugeuzwa ni mbwa. Mjukuu akimwamkia, mbwa. Na mie, shemeji." Akatazama pembeni. "Mie mke wake. Usiku ananishika mkono ananiita mbwa."

Katekista alikuwa amemletea komunyo, naye badala ya amina akasema mbwa. Mzee wa watu alifumba macho, akampa hivyohivyo.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa akija kumnyoosha viungo, nikamuuliza. Akasema kiharusi kinaweza kufuta maneno yote kikaacha moja, hasa lile ambalo mtu alikuwa analitoa bila kulifikiria, tusi au sala. Hamaanishi mbwa, akasema, anamaanisha anachotaka, ila mlangoni mwa mdomo limebaki hilo tu. Kwa hiyo hakuwa amenijibu. Mie na kikombe cha maji tulikuwa tunapewa kitu kimoja.

Niliumia, sitaficha. Lakini niliendelea kwenda, na ukikaa na mtu unasikia. Mbwa ya maji ilikuwa fupi, inakatika. Mbwa ya maumivu ilitoka puani. Ya mjukuu ilikuwa laini, karibu kama wimbo. Ya kwangu aliivuta mwishoni, ileile ya jioni, ya nyuma ya bati. Nilimwambia shemeji asikilize. Akasema ninajidanganya. Nikamwambia, sikiliza ya kwako ya usiku. Akaingia ndani. Sikumuuliza tena, hayo ni ya watu na ndoa yao.

Donge la pili lilikuja mvua zikinyesha. Hilo halikusubiri bajaji.

Kwa desturi, msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuvuruga. Watu walinitegemea. Pale makaburini Chanika, jeneza lilipokwisha kushushwa, wakanipisha, na wengine wameshaanza kutabasamu, wanajua mzee wa Kihehe ana mdomo. Nikasogea ukingoni.

"Wewe mla panya! Umekimbia bila kunimalizia kabati! Unadhani huko chini kuna kisamvu? Toka hapo unijibu!"

Wakacheka, kama inavyotakiwa. Nikanyamaza kumpa nafasi yake. Ni mazoea tu, sikukusudia. Kicheko kikapungua, kikaisha, watu wakaanza kutazamana maana mie nilikuwa bado nimesimama nimetega sikio. Mtu akanigusa bega. Sikuondoka.

Upande wa wanawake, shemeji akainua kichwa. Kanga ilikuwa imemfunika mpaka machoni.

"Mbwaaa," akasema.

Aliivuta mwishoni. Haikuwa ya maji wala ya maumivu. Ilikuwa ya kwangu.

Nikachukua koleo kwa kijana aliyekuwa karibu, nikaanza kufukia.