Mwaka Nilipopanda Sukuma Tupu

Nakumbuka asubuhi ile ya mwezi wa tano nilipokabidhiwa mbegu nichague mwenyewe. Nilikuwa msichana, sijatimiza miaka miwili tangu nitoke Burundi. Niliishi Husby, mtaa wa Stockholm, na kila siku nilikwenda kufanya kazi kwenye shamba la bibi mmoja nje ya jiji. Jina lake Gunvor. Waswidi huitana kwa majina hata kama mtu ni rika la nyanya yako, lakini ulimi wangu ulikataa. Nilimwita Mama mpaka alipofariki.

Mwanangu, pembeni mwa shamba Mama Gunvor alikuwa na kipande asichokivuna kamwe. Kilikuwa chakula cha ndege wa wakati wa baridi, wale wadogo wenye kichwa cha manjano. Alinipa mifuko mitatu: haradali, figili na sukuma wiki.

"Changanya utakavyo," akasema. "Wewe unajua kulima."

Kisha akaenda zake kupasuliwa goti.

Ninajua kulima! Kichwa kikavimba. Nilipoiona ile sukuma nikakumbuka ugali wa kwetu, mate yakanijaa. Hiyo mifuko mingine nikaifunga, nikamwaga sukuma tupu.

Ilistawi, we! Jumapili baada ya ibada watu wa Husby walikuja na mifuko yao kuchuma, wakanibandika jina la Dada Sukuma. Nilifurahi sana, sikufichi.

Theluji ikaanguka, na ndege wakaja. Walijificha ndani ya ile sukuma, wakatafuta chini na juu, wasipate kitu. Sukuma mwaka wa kwanza ni majani tu, mbegu zake huja mwaka wa pili. Haradali na figili ndizo zingewalisha baridi ile, nami nilikuwa nimezifungia stoo.

Siku moja Mama Gunvor alikuja na mkongojo wake, akaokota ndege aliyekufa, akaniwekea kiganjani. Alikuwa mwepesi mno. Nililia, nikajua kazi imekwisha.

"Ulikuwa na njaa ya kwenu," akasema. "Hilo si kosa. Kosa ni kwamba hukuuliza nani mwingine anakula hapa."

Hakunifukuza. Nilimwaga nafaka pale kila asubuhi mpaka theluji ikayeyuka. Waliobaki walikula, wachache. Mwaka uliofuata sukuma ilitoa maua, ikazaa mbegu, nami nikapanda haradali na figili kandokando yake. Mama Gunvor akanikatia mstari mmoja karibu na nyumba, nipande sukuma yangu ya kula. "Huu ni wako," akasema.

Sasa wewe, mwanangu, unayenijibu Kiswidi kila nikikusemesha Kiswahili, wiki ijayo unaanza kazi kwenye shamba lilelile. Watakupa mifuko uchague. Weka haradali na figili kwa baridi ya kwanza, na sukuma kwa maficho na kwa baridi ya pili. Na popote utakapoachiwa uamuzi, kazini au nyumbani kwako, uliza kwanza nani mwingine anakula hapo. Njaa yako usiionee haya. Iseme, utengewe mstari wako.

Mungu abariki mikono yako. Akupe watu wa kukusamehe, kama mimi nilivyosamehewa. Na ndege yule, mwanangu, asiwekwe kamwe kiganjani mwako.