Uji wa Muhogo na Mshipa wa Mzee wa Mbaha

Mganga mkuu wetu pale hospitali ya Mbinga aliipenda mashine ya altrasaundi kama watu wanavyopenda vyombo vya wageni: vikae kabatini, vifutwe vumbi, visiguswe. Wafadhili waliileta miaka ya mwisho ya ujamaa, wakati hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa. Akaiweka katika chumba chenye madirisha makubwa, akakataza mapazia, ili viongozi wakipita nje waione. Mimi nilikuwa daktari mgeni, nimepangiwa huko kutoka Tanga, na nilimdharau tangu wiki ya kwanza. Sijaona sababu ya kuacha.

Siku moja aliletwa mzee kutoka Mbaha, kule ziwani, ana uvimbe tumboni. Nilipoweka kiganja juu yake, uvimbe ulidunda sambamba na moyo. Nikahisi ni mshipa mkuu wa damu uliotanuka. Mganga mkuu akaja, akaubonyeza kwa vidole viwili.

"Jipu hili. Kesho tunapasua."

Mshipa ule ukiupasua kama jipu, mtu anakwisha palepale mezani. Nikamwomba tumpime kwanza kwa altrasaundi. Akakubali upesi, maana katibu wa chama alikuwa akitembelea wodi siku hiyo. Jeli ya kupaka ilikwisha zamani. Akakisugua kichwa cha mashine kwenye ngozi kavu, jua limejaa kwenye kioo cha picha, mzee mwenyewe katoka kula ugali na maharage. Kisha akazungusha vifundo vya kuongeza mwanga mpaka picha ikawa nyeupe pe, kama ukungu wa milima ya Umatengo.

"Unaona?" akamwambia katibu. "Jipu tupu."

Katibu akaitikia kwa kichwa. Wawili wale wangeona jipu hata ukutani.

Walipoondoka nilimfuata mke wa mzee, aliyekuwa akimpikia mumewe kwenye jiko la wagonjwa.

"Shikamoo, mama. Naomba unga wako wa muhogo kidogo."

"Marahaba, mwanangu. Una njaa?"

"Nataka kupika uji wa kumpaka baba tumboni."

Akanitazama kwa huruma. "Hata wewe daktari umerudi kwenye dawa za kienyeji?"

Lakini unga alinipa. Nikamweleza kwamba mashine ile huona kwa sauti, na sauti haipiti penye hewa. Uji laini ungeziba hewa kati ya kichwa cha mashine na ngozi. Nikamwomba pia mzee asile kitu mpaka asubuhi, kwa sababu ya gesi ya tumbo.

Asubuhi, kabla ya saa ya upasuaji, nilitundika mablanketi ya wodini madirishani. Nikapaka uji uliochujwa na kupoa, nikapunguza mwanga wa picha taratibu. Mshipa ukatokea, mweusi, kuta zake wazi zikidunda, katikati umevimba kama kibuyu.

Nikamwita mganga mkuu. Akaja, akakiinamia kioo cha picha.

"Ondoa mablanketi hayo," akasema. "Na futa uchafu huo kwenye mashine ya serikali."

Basi. Ila hakupasua. Mzee alipelekwa siku hiyohiyo kwenye hospitali kubwa, wakamfanyia upasuaji, akapona.

Miezi kadhaa baadaye alikuja na mkewe kuniletea usipa wakavu, dagaa wa ziwa lao. Tulikuwa barazani tunacheka mganga mkuu alipotokea, mtu ambaye kwa umri angeweza kuwa mtoto wao wa mwisho.

"Mzee!" akaita, kifua mbele. "Si unaona tulivyokuokoa?"

Mzee akasubiri kidogo, kama anayempa nafasi. Salamu haikuja.

"Marahaba," akamjibu, akanigeukia tuendelee na mazungumzo.