Kadi Isiyo na Rangi

Vestina wa Makere hatulii, na sokoni wanamjua hivyo. Hata ukimkuta ameketi mbele ya kompyuta yake, mguu unatikisika chini ya meza. Kazi yake ni kujaza nyimbo za ibada kwenye memori kadi za watu: kwaya, kaswida, tenzi za Kirundi, mapambio ya Wakongo wa kambi ya wakimbizi. Ili asichanganye, kila kadi huitia tone la rangi ya kucha. Nyekundu kwaya, kijani kaswida, nyeupe Kirundi, bluu Wakongo. Isiyo na rangi ni tupu.

Isipokuwa moja. Hiyo ilikuwa na sauti ya marehemu mama yake akiimba wimbo wa Kirundi kitandani, siku za mwisho za ugonjwa. Vestina hakuwahi kuisikiliza ikaisha. Ubeti wa pili tu, machozi, anazima. Na mtu huyuhuyu anayenakilia Makere nzima, sauti ya mama yake hakuinakili hata mara moja! Jamani! Ukimuuliza, eti alikuwa anangoja moyo utulie.

Alhamisi wateja wakamzonga. Akaokota kadi isiyo na rangi, akaijaza kaswida, akaitia kijani, akampa Mwajabu, muuguzi wa kutoka Tanga aliyepangiwa kazi Kumsenga. Ijumaa asubuhi akafungua droo. Kadi ya mama haipo.

"Mungu wangu, nimemuuza mama!"

Hata kibanda hakukifunga vizuri. Alipanda bodaboda hadi Kumsenga, na njia nzima akamgombeza dereva kwamba anatambaa. Hofu yake ilikuwa moja: Mwajabu akikuta wimbo wa kanisani katikati ya kaswida zake, si ataufuta? Nani asingeufuta?

Mchana alimkuta nyumbani, ndiyo kwanza ametoka zamu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo? Karibu, kaa."

Hakukaa. "Ile kadi, dada. Kuna wimbo wa Kirundi. Umeufuta?"

"Nilitaka. Kidole nilishakiweka. Ila nikaona vibaya kumfuta mama wa watu anaongea na mwanawe."

"Haongei, anaimba."

"Mwishoni huko anaongea. Kwani hujasikiliza?"

Mwajabu akatoa simu, akabonyeza. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Mkono wa Vestina ukaenda kuzima, Mwajabu akaushika. Wa tatu ukapita, kikafuata kikohozi kirefu, kisha ile sauti iliyochoka ikasema taratibu:

"Vestina mwananje, umeshakula?"

Vestina akaketi palepale sakafuni. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani.

"Bado, mama," akajibu.

Mwajabu akaingia jikoni kupakua ugali.