Ndizi Nilizoziacha Jikoni

Keti hapo, mwanangu, na usinigeuzie uso. Macho yako yamevimba, na mimi nimekasirika, tena sitaki mtu aniambie nitulie. Daktari wa Mbeya amekupangia vyakula vichache vya kula kwa wiki kadhaa ili ajue ni kipi kinachokuvimbisha. Jana ulipokwenda kwenye kipaimara mjini Kyela, chakula chako ulikifunga vizuri kabisa, halafu ukakiacha mezani nyumbani. Ati uliona haya kufungua kibakuli mbele ya watu! Njaa ilipokubana ukala maandazi ya stendi. Haya basi, leo nitakusimulia haya zangu mimi. Sijamsimulia mjukuu yeyote, maana kila nikikumbuka damu inanichemka.

Nakumbuka ilikuwa siku ya soko kule Lyulilo, ufukweni Matema, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakajaa vitu vya kila rangi. Nilikuwa nimeolewa Ipinda, mwaka haujaisha. Tangu niingie ukweni nilikuwa navimba midomo, mwili unatoka vipele vikubwa, na mara mbili koo lilibana nikadhani ndiyo naondoka. Ndugu wa mume wangu walishaanza kunong'ona. Ugonjwa usio na homa, unaokuja na kuondoka upendavyo, kwao haukuwa ugonjwa. Ulikuwa unatafutiwa mtu.

Aliyewazuia ni mganga wa zahanati, Mchaga mmoja aliyehamishiwa kwetu, mpole, sote tukimwita Daktari. Alituketisha mimi na mama mkwe akasema, "Huyu hajarogwa. Kuna chakula mwili wake haukitaki. Tutakitafuta." Akanipa vitu vitano tu vya kula kwa wiki sita: wali, ndizi za kupika, mhogo, boga na chumvi. Maziwa hakuna, mayai hakuna, samaki hakuna, maharage, ngano, karanga, vyote hakuna. Baada ya hapo angerudisha kimoja kimoja, taratibu, mpaka adui ajitokeze. Nikikosea hata siku moja, hesabu ya wiki inaanza upya.

Fikiria, mwanangu, bi harusi anayepikiwa chungu chake peke yake! Mawifi walinicheka wakaniita mgonjwa wa boga. Nami nilikuwa na kiburi, nikawajibu kwamba nina moyo wa kushinda kuliko wao. Kumbuka hicho kiburi, kitarudi.

Daktari alinionya jambo moja kuliko yote. "Nyumbani hutaanguka," alisema. "Utaangukia njiani, ukiwa na njaa. Usitoke bila chakula chako mkononi. Kiwe kitu kisichochacha mpaka jioni, kinacholika kikiwa baridi, na umekipika mwenyewe. Wali utaharibika kwa joto la huku. Boga litakumwagikia. Choma ndizi."

Wiki ya tano nilikuwa mzima, ngozi laini, usingizi mzuri. Mama mkwe akaniagiza Lyulilo nikamchukulie vyungu kwa rafiki yake, Bibi Subilaga. Mama huyu alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, mjane, aliyekuwa akija na mtumbwi kila siku ya soko, vyungu vimepangwa kwenye majani makavu visigongane. Alikuwa na kibanda cha jiko nyuma ya soko, na mteja wa zamani hakuondoka hapo bila kula.

Alfajiri nilichoma ndizi sita, nikazifunga kwenye jani la mgomba. Mama mkwe akaniona.

"Hizo unapeleka wapi?"

"Nitakula huko, mama."

Akashusha sauti. "Utafungua chakula chako jikoni kwa Subilaga? Mwanamke mzee, mjane, watu tayari wanamtazama kwa jicho baya. Ukila cha kwako na cha kwake umekiacha, umemwita mchawi mbele ya soko zima."

Nawe unajua kwetu, mwanangu. Mtu anayeingia na chakula chake kwenye nyumba ya mwenzake hahitaji kusema neno. Nikaona mama mkwe ana haki. Nikaziacha ndizi zangu pale jikoni, juu ya kinu, nikapanda lori la Matema mikono mitupu.

Lori likakwama kwenye matope njiani. Tulifika Matema jua limepita utosini, tumbo langu linalia hata jirani alilisikia. Nikaanza kuogopa. Subilaga akinipa samaki, nitakataaje? Nikajifanyia akili. Nikasema nitakula kitu kwanza, ili nikifika niseme nimeshiba. Pale njiani palikuwa na duka la Bwana Shomari, mtu wa pwani aliyeoa huku. Kwenye rafu yake niliona biskuti zenye karatasi ya dhahabu, zinang'aa.

"Hizi zina nini ndani?" nikamuuliza.

Akageuza paketi huku na huku. "Binti yangu, nisikudanganye. Zimetoka nje, na maandishi haya siyajui. Kama una masharti ya hospitali, chukua ndizi pale kwa yule mama."

Mtu baki kabisa ananiambia nichukue ndizi! Nami nikaona ananidharau. Enzi zetu biskuti alinunuliwa mgonjwa, na kitu kilichofungwa kiwandani nilidhani ni kisafi kama dawa. Nikanunua, nikala zote nimesimama nyuma ya duka. Karatasi nikaifundika kwenye pindo la kanga nisionekane nikiitupa. Mwizi wa tumbo langu mwenyewe!

Kwa Subilaga nilikuta nini? Mhogo wa kuchemsha, na chumvi pembeni. Basi. Alishaambiwa na mama mkwe, tangu soko lililopita, kwamba nina masharti, akayashika yote kichwani. "Kula mwanangu, hiki unaruhusiwa," akaniambia. Nikala vipande viwili. Akanifungia vyungu, akanisindikiza mpaka kwenye lori, nami nikamwambia ndaga fijo, asante sana, kwa mdomo ulioanza kuwasha.

Tulipofika Ipinda sikuwa naona kwa macho yote mawili, koo linapiga filimbi. Walinibeba mpaka zahanati, Daktari akanichoma sindano, akakaa nami mpaka pumzi ikarudi. Kisha akaniuliza, mume wangu na shemeji yangu Ambokile wakiwa wamesimama mlangoni, "Leo umekula nini?"

Nikasema, "Mhogo. Kwa Bibi Subilaga."

Ni kweli nilikula mhogo. Sikudanganya hata neno moja, na hapo ndipo ninapojichukia mpaka leo. Niliona haya. Wiki tano nimewajibu mawifi kwa kiburi, leo niseme nimeangushwa na biskuti? Nikanyamaza.

Daktari akakunja uso, akaandika. "Basi mhogo tunauondoa, tunaanza upya." Alikuwa amepotezwa njia na mimi mwenyewe, mgonjwa wake. Ambokile yeye hakuandika. Alimwangalia mume wangu, wakatoka nje.

Wiki nzima nilisikia jina la Subilaga likitajwa humo ndani. Likitajwa uani, likitajwa kisimani, mpaka mama mkwe, rafiki yake wa miaka yote, akaanza kusema labda. Nilikuwa nafagia huku nasikia. Siku ya soko Ambokile na wenzake wawili walipita mbele yangu na marungu, nikajua wanakwenda wapi. Mwanangu, nilijua! Ningesema neno moja tu, biskuti, wangerudi kukaa. Nikaendelea kufagia.

Walirudi alasiri wanacheka. Walikuwa wamevunja vyungu vyote, mzigo mzima wa mtumbwi, na kumwambia yule mama kwamba akionekana tena Lyulilo kitakachovunjwa si udongo. Alikaa katikati ya vigae, walisema, hakulia, alikuwa anauliza tu kama yule mtoto wa Ipinda amepona.

Hilo ndilo lililonifungua kinywa. Nilikwenda ndani nikafundua pindo la kanga, nikaileta ile karatasi ya dhahabu nikaitupa mbele ya miguu ya Ambokile. Nikasema yote, nalia, napiga kelele. Nilimkasirikia yeye kwa marungu yake, nikawakasirikia mawifi, nikamkasirikia mama mkwe kwa yale maneno ya alfajiri. Lakini aliyestahili hasira zangu zote alikuwa ndani ya kanga yangu.

Daktari aliisoma ile karatasi, maana Kiingereza alikijua. Ngano, maziwa, karanga. "Ungeniambia siku ile," akasema, "yule mama angekuwa na vyungu vyake." Tulianza upya kweli, na vyakula vilipoanza kurudi, maziwa yakapita salama, ngano ikapita salama. Karanga akanipa chembe moja tu, nimeketi palepale zahanati na sindano iko tayari, mdomo ukavimba. Kumbe ni karanga, ambazo kwa mama mkwe hakuna mboga iliyopikwa bila hizo.

Lakini kabla ya hayo yote, soko lililofuata, nilikwenda Lyulilo na Ambokile nikiwa nimemshika shati. Subilaga alikuja. Alikuja na vyungu vitatu tu, vile alivyoweza kuvichoma kwa wiki moja. Nikapiga magoti mbele ya watu, nikasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba mhogo wake ulikuwa mzima, na aliyekuwa na sumu ni mimi kwa kunyamaza. Ambokile naye akaomba radhi, ameinamisha kichwa, na msimu mzima uliofuata alimchotea udongo na kumkatia kuni.

Yule mama hakunikumbatia. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Ulikuja kwangu bila chakula chako kwa nini?" akaniuliza.

"Niliogopa watasema ninakuona mchawi."

Akacheka kicheko kikavu. "Ungekuja nacho, wangesema siku moja wakachoka. Hukuja nacho, wakavunja vyungu vyangu." Akachukua kile kidogo katika vile vitatu, chenye mfuniko, akaniwekea mikononi. "Kibebe humu. Ukifika kwangu fungua, ule, mimi nikikutazama. Atakayeuliza, nitamjibu mimi."

Na hivyo ndivyo tulivyofanya mpaka alipofariki. Nilikula ndizi zangu za kuchoma jikoni kwake, kila mtu akiona.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sitarudia nikiwa mpole. Chakula cha njiani kichague ungali umeshiba, maana ukiwa na njaa utachagua kama nilivyochagua mimi nyuma ya duka. Kiwe kile unachokijua na ulichokipika kwa mkono wako. Usichoweza kusoma kilichomo ndani, kiache kwenye rafu hata king'ae vipi. Ukiingia kwa watu, sema mapema, mwambie mwenye nyumba mwenyewe, umtazame machoni. Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku hiyohiyo kila kitu ulichotia mdomoni, kabla watu hawajaenda kutafuta wa kumvunjia vyungu. Maandazi ya jana mpigie daktari umwambie sasa hivi, nikiwa nimeketi hapa.

Kile chungu ni hicho kilicho juu ya kabati, chenye mfuniko uliomeguka ukingoni. Kishushe, ni chako. Mungu akupe mwili wa amani, akupe kinywa kisichoona haya kusema kweli, na kila mlango utakaoingia na chungu hicho ukute mwenyeji kama yule wa Ikombe. Piga simu kwanza. Halafu twende jikoni, ndizi ziko motoni.