Nguruwe Niliyemwita Paka

Nilisoma mpaka darasa la sita tu, kule Uvira, kwa hiyo mambo mengine nitayapanga vibaya. Nitajaribu kuyaandika kama yalivyokuwa, bila kumwongezea mtu kosa lisilo lake.

Kazi yangu ni kusafisha mabweni ya chuo kikuu, hapa ughaibuni, karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch. Mwisho wa mwezi wa nne wanafunzi wanahama, na sisi tunaingia na ndoo zetu. Wanaacha vitu vingi: viatu vizima, mchele, taa, hata televisheni. Mwaka huu mimi nilikuta mtoto wa nguruwe ndani ya beseni la kuogea. Mweusi, mdogo kama mkate mkubwa, tumbo limeshuka karibu liguse chini. Walikuwa wamemtandikia taulo na kumwachia maji, kwa hiyo siwezi kusema hawakumjali kabisa. Labda kila mmoja alidhani mwenzake atarudi kumchukua.

Msimamizi alisema tuwapigie simu watu wa manispaa. Nikamwambia, niachie mimi nitapiga. Sikupiga. Nilijiambia kwamba watamuua, lakini ukweli ni kwamba sikuwauliza, na huenda wasingemuua. Nilimpigia mama mmoja mwenye shamba la wanyama waliookolewa, nje ya mji. Akasema kumejaa, nimtunze mpaka nafasi ipatikane. Nafasi ilipatikana baada ya wiki tano. Siku hiyo nilimwambia ampe mwingine.

Kwetu mama yangu alifuga nguruwe, na sikuwahi kumwona akimfunika hata mmoja blanketi. Ndiyo maana mume wangu alicheka sana. "Mama, huyu tunamufuga ao tunamunonesha?" Binti yetu akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba atakayemgusa nguruwe atapambana na yeye mwenyewe. Baadaye akaniambia pia kuwa mjini hapa nguruwe haruhusiwi kufugwa nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshamzoea. Nikawa namteremsha nje ndani ya kigari cha mtoto, nimemfunika kitenge. Kwenye lifti wamama waliniuliza ana umri gani. "Miezi miwili," nikajibu, na hilo angalau halikuwa uongo.

Sasa niseme habari za jirani yangu, maana haya yote nayaandika kwa sababu yake.

Anakaa mlango unaotazamana na wetu, ghorofa ya kumi na moja. Ni Mtanzania wa asili ya Kihindi, mzaliwa wa Tanga, Mwislamu wa Kishia, amenizidi kama miaka kumi. Tulijuana kwenye chumba cha kufulia. Mashine ilikuwa imekataa kufunguka, naye anaipiga kofi: "Fungua, shetani we!" Kusikia Kiswahili nilicheka mpaka nikadondosha sabuni. Tangu siku hiyo sahani zikaanza kuvuka kati ya milango yetu. Kwao na kwetu desturi ni moja: chombo cha jirani hakirudi kitupu. Alileta kachori, nikarudisha sombe, kisamvu cha kwetu. Alileta wali, nikarudisha samaki.

Lakini kabla hajala chakula changu aliniuliza, waziwazi, tumesimama pale mlangoni. "Jirani, usinichukie. Nguruwe mnapika?" Nikamjibu ndiyo, mara mojamoja, kwa sufuria ya peke yake. Akanishukuru kwa kumwambia. Nami ile sufuria nikaitoa nyumbani, na tangu hapo nyama ya nguruwe haikupikwa kwangu tena. Hakuniomba nifanye hivyo. Nilifanya kwa kumpenda.

Ndiyo maana sielewi mdomo wangu ulivyofanya siku ile ya mwezi wa tano. Alikuwa amesimama mlangoni, tunaongea, nguruwe akakoroma chumbani.

"Nini hicho?"

"Paka," nikasema.

"Masikini, mbona ana sauti hiyo? Anaumwa koo?"

"Anaumwa kidogo."

Kesho yake akaja na mfuko wa vichwa vya samaki. "Vya mgonjwa," akasema. Nikavipokea kwa mikono miwili. Mgonjwa alivila mpaka miba. Kila wiki akawa analeta, na kila wiki ananiuliza hali ya koo.

Halafu ukaingia mwezi wao wa maombolezo, Muharramu. Alivaa nguo nyeusi, akawa mnyamavu, na akaniletea bokoboko, ile ngano inayopondwa pamoja na nyama mpaka inalainika. Siku nyingine alitumia vyombo vya plastiki. Siku hiyo alileta kwenye bakuli la kauri, jeupe, akasema chakula hiki ni cha dua, hakiendi kwa kila mtu. Tulikula tukabakisha kidogo. Nikaliacha bakuli kwenye meza fupi, nikaenda kutafuta viatu vya kazi. Niliporudi, nguruwe ameshalishusha kwenye zulia, pua yote imo ndani, analisukuma mpaka limegota ukutani.

Nilicheka. Nilimwita na binti yangu aje aone. Hilo ndilo linaloniunguza zaidi, kwamba nilianza na kicheko.

Kisha nikaliosha kwa sabuni mara tatu, na mara ya nne kwa ile dawa kali tunayosafishia vyoo kazini. Nikalifuta, nikalijaza maandazi, nikavuka nalo. Akachukua moja hapohapo, akala mbele yangu. "Jirani, mkono wako!" akanisifu.

Naweza kujitetea kwamba sikujua sheria yao kuhusu vyombo. Nilijua hawali nguruwe, basi. Lakini kama sikujua kitu, ile dawa kali nilitilia nini?

Baada ya kama wiki tatu, mchana, akabisha hodi. Alikuwa ametoka dukani, ufunguo ameusahau ndani, na mlango hujifunga wenyewe. Mumewe alikuwa njiani.

"Nimejifungia nje kama mtoto, jirani yangu. Na adhuhuri itanipita. Udhu ninao. Nionyeshe pembe moja safi niswali."

Nilisema karibu. Ningesema nini? Akavua viatu, akaingia mpaka katikati ya zulia, akatoa mkobani shuka jeusi na kile kidongo cha mviringo wanachosujudia. Mimi nasimama naangalia mahali anapotandika, na najua ni nani aliyelala hapo asubuhi. Nguruwe nilikuwa nimemfungia bafuni. Akaanza kugonga mlango kwa pua.

"Mtoe masikini," akasema. "Paka hanisumbui kwenye swala." Na akainuka akafungue mwenyewe.

Nikaziba mlango kwa mgongo. "Dada, si paka."

"Mbwa?" Akarudi nyuma hatua moja.

"Nguruwe."

Akacheka. Alidhani namtania. Nguruwe akakoroma nyuma yangu, naye kicheko kikaisha taratibu. Hakuutazama mlango, alinitazama mimi.

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

Nikaona anarudi nyuma kichwani, wiki kwa wiki.

"Na bakuli langu la bokoboko?"

Hapo ningeweza kusema hapana, na nilitaka kusema hapana. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kutikisika. "Alililamba," nikasema. "Niliosha na dawa."

"Na maandazi ukatia humohumo."

"Humohumo, dada."

Akakunja shuka lake, akavaa viatu, akatoka. Akaswali kwenye korido, karibu na lifti. Watu waliotoka kwenye lifti na mifuko yao walimzunguka. Mimi nilisimama mlangoni kwangu, sijui niufunge au niuache. Kuufunga ni kumfukuza. Kuuacha wazi ni kumpelekea harufu. Nikaushika nusu, mpaka alipotoa salamu ya mwisho.

Nikamletea kiti. Alikikataa kwa adabu, akaegemea ukuta. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, na nayaandika kama alivyoniambia maana mimi dini yao siijui:

"Zulia lako, likiwa kavu, lisingeniharibia swala. Paji la uso linakaa kwenye udongo wangu huu. Na chombo kina sheria yake, kinaoshwa mara saba, kinarudi kazini. Ungeniuliza ningekufundisha."

"Niliogopa utaacha kuja."

"Nilipokuuliza habari za sufuria, si ulinijibu?"

"Nilikujibu."

"Niliacha kuja?"

"Hukuacha."

"Basi." Akajifuta uso kwa ncha ya shuka. "Nimekula mbele ya macho yako, jirani. Na wewe umesimama."

Lifti ikafunguka, mumewe akashuka na ufunguo. Alinisalimia kwa furaha kama siku zote, akaniuliza koo la paka. Mkewe akamshika mkono, wakaingia ndani.

Mume wangu anasema nimejisumbua bure, mama yule atasahau. Ananifariji kwa njia yake. Binti yangu anasema nisimtazame nguruwe kwa jicho baya, na ni kweli, yeye hana kosa. Alikuta chakula akala. Nampenda, na sijawahi kuwaza kumrudisha. Hata hilo linanitia aibu, kwa sababu jirani hakuniomba nimtoe. Hakuniomba lolote.

Tukikutana kwenye korido ananisalimia vizuri. "Habari za asubuhi, jirani," yote kamili. Zamani alikuwa ananigusa bega tu na kusema "We!" Sahani zimekoma. Siwezi kusema amekasirika, sijamsikia akisema neno baya juu yangu. Inawezekana ananisubiri mimi nianze. Lakini sijui kama bado anaweza kula kitu kilichotoka kwenye sufuria zangu, na ili nijue lazima nimuulize.

Jumamosi iliyopita nilipika sombe na samaki, kama anavyoipenda. Nikachota sehemu yake kwanza, kabla ya yetu, nikafunika. Nikavaa viatu, nikaenda mpaka mlangoni, mkono juu ya kitasa. Nilikuwa na maneno manne tu ya kusema: dada, unaweza kula hii?

"Unaenda ao hauendi?" mume wangu akauliza kutoka mezani.

Nikavua viatu. Sehemu yake tuliila sisi, Jumapili, baada ya kanisa.